Kurambaza karibu na ufuko: Aprili ya Milwaukee na Aprili ya Mtera

SWALI: Mbukwenyi mtaalamu, na shikamoo. Mimi ni kijana wa Dodoma, nina boti ya faiba ya mita 6 na mashine ya HP 15 pale kwenye bwawa la Mtera. Binamu yangu anaishi Milwaukee, Marekani, kando ya Ziwa Michigan, na kila Aprili ananitumia video. Wanakokota chambo bandia nyuma ya boti karibu kabisa na nchi kavu, mahali ambapo ukirusha jiwe linafika ufukweni, na wanatoa samaki waitwao trauti wa kahawia, wa kilo 4, kilo 5. Aprili iliyopita nikajaribu. Nilifunga rapala mbili, yaani chambo bandia chenye umbo la samaki, nyuma ya boti, mshipi kama mita 30, nikafuata ukingo wa majani asubuhi yote. Nilipata majani na visiki, na rapala zote mbili zikabaki huko. Nakosea wapi: mwendo, majira, au njia yenyewe si ya kwetu? Na je, trauti hao wanaweza kufugwa Dodoma?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Asante kwa kueleza ulichofanya hatua kwa hatua. Mtu akinitajia urefu wa mshipi na mahali alipopita, naweza kumjibu bila kubahatisha. Nianze na jibu lenyewe: njia ni ya kwetu, tena ya zamani. Mwendo nitausemea mbele. Ulipokosea hasa ni majira na ufuko. Umechukua Aprili ya Milwaukee ukaipeleka Mtera, kisha ukachukua ukingo wa maji wa kule ukaulinganisha na ukingo wa majani wa huku. Nikikueleza kwa nini havilingani, utajua mwenyewe pa kupeleka boti.

Mimi ni mtoto wa Pangani niliyeletwa Dodoma na kazi ya uvuvi, nikazeekea hapa. Baba yangu alikuwa na ngalawa. Akitoka na upepo wa alfajiri alifunga mshipi tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, akauachia nyuma na chambo cha manyoya meupe ya kuku, akauzungushia kwenye kidole gumba cha mguu ili mikono ibaki na usukani na tanga. Nguru akikamata, baba alijua kabla hajageuka. Hiyo ndiyo kurambaza: kuvuta mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Unachokiona kwenye video za binamu yako ni kurambaza kule kule, wameongeza fimbo, rili na vipimo. Tofauti ni kwamba baba alijua nguru yuko wapi mwezi gani, na anafuata nini hapo. Wewe umeiga mahali, na sababu ya mahali hujaambiwa.

Trauti wa kahawia asili yake ni Ulaya, sehemu za Asia ya magharibi na ncha ya kaskazini ya Afrika. Marekani alipelekwa akiwa mayai, kutoka Ujerumani, mwaka 1883. Mwaka uliofuata vifaranga wakaachiwa kwenye mto mmoja wa jimbo la Michigan. Leo majimbo yanayozunguka Maziwa Makuu ya kule Marekani yanampandikiza kila mwaka, na anakua kweli kweli: mwaka 2009 katika mto Manistee, unaoingia Ziwa Michigan, alivuliwa mmoja wa zaidi ya kilo 18. Huyo ni samaki wa maji ya baridi. Anajisikia vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 12 na 18 hivi.

Sasa yatazame maji anamoishi. Maji yasiyo na chumvi huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4. Yakipanda juu ya hapo yanakuwa mepesi, na yakishuka chini ya hapo pia yanakuwa mepesi, na barafu yenyewe ni nyepesi zaidi, ndiyo maana huelea. Ziwa Michigan lina kina kinachofika mita 281. Baada ya miezi ya baridi kali, maji yake yote yako nyuzi 4 au chini kidogo. Aprili jua linaanza kupata nguvu. Joto likimwagika juu ya mita 200 za maji, hata huoni tofauti. Joto hilo hilo likimwagika juu ya mita 2 za maji ufukweni, maji yanapanda hadi nyuzi 7 au 8, na mchana wa jua hata 10. Mito nayo inaleta maji yaliyopata joto huko bara. Pale maji ya ufukweni yanapokutana na yale ya katikati, yanachanganyika, yanafika nyuzi 4, yanakuwa mazito, yanazama. Mstari huo wa maji yanayozama unasimama kama pazia, na joto la ufukweni linafungiwa ufukweni kwa majuma kadhaa.

Trauti anayetaka nyuzi 12 hazipati popote mwezi huo. Anakwenda palipo karibu nazo, yaani kwenye mita 2 hadi 4 za maji, na samaki wadogo anaowala wamekimbilia huko huko. Ndiyo sababu boti za kule zinapita karibu na mawe. Juni ikifika, ufuko unakuwa na joto kupita kiasi kwake, pazia limeondoka, naye anahamia kina kirefu. Mvuvi wa Milwaukee atakayerudi mwezi wa saba kurambaza palepale pa Aprili atarudi nyumbani mikono mitupu kama ulivyorudi wewe.

Na hata Aprili hawapiti ufuko mzima. Mvuvi makini anatembea na kipimajoto, na tofauti ya nyuzi 2 inatosha kumfanya abadilishe mahali. Anatafuta mdomo wa mto, ukuta wa bandari unaoshika jua, na mahali maji yalipochafuka kidogo na kupata rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu maji yenye rangi yanashika joto na yanamwondolea samaki woga. Upepo anauangalia kuliko kitu chochote. Ukivuma kutoka ziwani unayasukuma maji ya joto ya juu yaje yajikusanye ufukweni. Ukivuma kutoka nchi kavu unayaondoa, na maji baridi yanapanda kutoka chini kuchukua nafasi yake. Ufuko uliokuwa na samaki jana, leo hauna hata mmoja.

Kuna jambo ambalo video haikuonyeshi vizuri, nalo ndilo lililonifurahisha zaidi nilipolisoma mara ya kwanza. Boti inayopita juu ya mita 2 za maji inamfukuza samaki aliye chini yake. Anasogea pembeni, anakaa mita 10 au 15 upande, na rapala inayofuata nyuma ya boti inapita mahali ambapo hayupo tena. Kwa hiyo hawavuti nyuma tu. Wanatumia vibao vinavyoelea vilivyochongwa puani kwa mshazari, na maji yakivipiga vinakimbilia pembeni ya boti, mita 15 hadi 30 kila upande, vikichukua mishipi kwenda huko. Boti inabaki mbali kidogo na rapala inapita karibu na mawe. Mwendo wao ni wa pole, kilometa 2.5 hadi 4 kwa saa, na rapala nyembamba zenye urefu wa kidole cha shahada au zaidi kidogo zinaachwa mita 25 hadi 40 nyuma ya kibao. Wanaanza kabla jua halijachomoza.

Basi, turudi Mtera.

Bwawa lile lilijengwa kwa ajili ya umeme, na maji yake yanaruhusiwa kucheza kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari. Mita 8 na nusu za kupanda na kushuka, kwenye nchi tambarare kama ile, zinamaanisha kwamba ukingo unahama mno kati ya kiangazi na masika. Unakijua kiangazi cha Mtera: ng'ombe wanachunga na watu wanalima mahali ambapo masika boti inapita. Mvua zetu zinaanza Desemba na kuishia Aprili. Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo vinaleta maji pamoja na tope lake. Ulipokwenda Aprili, maji yalikuwa yamepanda yakaingia kwenye malisho na vichaka. Ule ukingo wa majani ulioufuata ulikuwa juzi tu shamba la mtu. Chini yako kulikuwa na maji ya kufika magotini au kiunoni, na ukingo halisi, ule wenye mteremko, ulikuwa nyuma yako, mbali kuelekea ndani.

Mle kwenye majani kuna samaki wengi, usidhani hakuna. Ni vifaranga vya perege vimejificha, kambale wanaotafuta chochote, na perege wakubwa wanaolea. Lakini hao si samaki wa kukimbiza rapala. Samaki wa Mtera unayemtafuta, anayelingana na trauti kwa tabia ya kuwinda, ni yule mwenye mistari myeusi ubavuni na meno yanayotoka nje ya mdomo hata akiufunga, ambaye watu wa Ziwa Tanganyika wanamwita kibebe. Wataalamu wanamwita Hydrocynus vittatus. Yumo katika Ruaha Mkuu na katika mito mingine ya bonde la Rufiji. Kibebe anawinda kwa macho na kwa mbio. Kwenye majani hawezi kukimbia, na kwenye maji ya tope haoni. Isitoshe, mvua zinapoanza wakubwa wao wanapanda mito kwenda kuzaa. Kwa hiyo Aprili yako ilikuwa na makosa matatu kwa wakati mmoja: maji ya tope, maficho kila mahali, na mwindaji ametawanyika.

Ukiniuliza "Aprili ya Milwaukee" kwa Mtera ni lini, nitakujibu ni Septemba hadi Novemba. Juni na Julai kipupwe cha Dodoma kinayapoza maji, naye kibebe ni samaki wa joto. Hafi, lakini anazubaa na kula kidogo. Agosti ikiisha joto linarudi siku baada ya siku, na ufukweni linarudi mapema kuliko katikati, kwa sababu ile ile ya maji mafupi na maji marefu niliyokueleza. Wakati huo maji yamepungua, tope limetulia, majani yamebaki nchi kavu, na samaki wadogo hawana tena pa kujificha isipokuwa kwenye miti iliyokufa. Kibebe ana njaa na anajiandaa kwa msimu wa kuzaa. Wenzetu wa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, wanamrambazia kibebe miezi hiyo hiyo. Kule ana bahati ya ziada: dagaa wa Ziwa Tanganyika walipandikizwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960 na wamekuwa chakula chake kikubwa.

Nikupe picha moja ili unielewe ninaposema "ukingo halisi". Ilikuwa Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumetoka upande wa Migoli mimi na mvuvi mmoja wa pale. Mbele yetu ile miti mikavu imesimama majini, minandi wameijaa, mmoja amekunjua mabawa kuyakausha. Mwenzangu hakutazama ndege waliokaa. Alitazama mahali mnandi mmoja alipozama na alipoibukia. Akazima mashine, akachukua chubwi, yaani kizito cha risasi, lililofungwa kwenye kamba yenye mafundo, fundo kila mita 1, akalitumbukiza: mafundo mawili. Tukaenda mbele urefu wa boti mbili, akatumbukiza tena: mafundo matano. Akaniambia, "Mto wa zamani unapita hapa." Mita 2 upande huu, mita 5 upande ule, na miti imesimama kwenye ukingo wa mto uliozama kama uzio. Tukarambaza sambamba na mstari ule, juu ya maji marefu, chambo kikipita karibu na bega la mteremko. Ndani ya nusu saa mshipi uligongwa mara nne. Tulimpata mmoja, wa kilo 2 hivi. Watatu walijing'oa, na hilo nitalieleza, maana litakupata.

Kwa hiyo kabla hujanunua rapala nyingine, tengeneza kamba ya mafundo na utumie siku nzima kupima. Fanya hivyo Oktoba maji yakiwa chini, kwa sababu miti, magogo na kingo za mto wa zamani utaviona kwa macho. Vitie alama kwenye simu yako. Tafuta pia rasi, yaani nchi inapochomoza na kuingia majini, na ufuko unaopigwa na upepo. Upepo wetu wa miezi hiyo unatoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo ukingo ulioko ng'ambo, kaskazini-magharibi, ndio unaosukumiwa vijidudu na samaki wadogo. Lakini upepo huo huo ndio unaogeuza boti. Mtera ni pana, na ikifika saa tano asubuhi mawimbi yanaweza kuwa makubwa kuliko boti ya mita 6 inavyostahili. Mimi saa nne nilikuwa naelekea nchi kavu, samaki wawe wanakula au hawali. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto wa kiti. Viboko na mamba wapo. Ukiona viboko, zunguka mbali, usikate njia kati yao na maji marefu. Na usisogelee ukuta wa bwawa wala mahali maji yanapoingilia mitambo.

Sasa mwendo. Kibebe anataka haraka kuliko trauti, kilometa 5 hadi 7 kwa saa. Kama simu yako haionyeshi mwendo, tupa kijiti majini mbele ya boti na uhesabu sekunde zinazopita tangu kifikie pua ya boti mpaka kifike tezi. Boti yako ni mita 6. Ikichukua sekunde 7 unakwenda mwendo wa trauti, kama kilometa 3 kwa saa. Ikichukua sekunde 4 uko kwenye kilometa 5 na nusu, na hapo ndipo uanzie. Sekunde 3 ni kilometa 7, usizidishe hapo. Na usiende mstari ulionyooka. Pinda polepole kulia, kisha kushoto, kama nyoka. Ukipinda, mshipi wa upande wa ndani unapunguza kasi na rapala inayumba polepole. Wa nje unaongeza kasi na rapala inatetemeka zaidi. Zingatia ni mshipi upi uliogongwa. Ukigongwa wa nje mara mbili, ongeza mwendo. Ukigongwa wa ndani, punguza. Samaki mwenyewe anakufundisha anachotaka asubuhi ile.

Urefu wa mshipi: penye uwazi mita 20 hadi 25 zinatosha kwa maji ya Mtera ambayo hayaangazi kama ya Michigan. Penye miti, mshipi mmoja tu, mita 12 hadi 15, na mtu wa pili akae omo, kwenye pua ya boti, kutazama mbele. Mita 30 ulizotumia kwenye visiki ni ndefu mno, maana unapoliona gogo, rapala iko nyuma sana kuweza kuiepusha. Kibao cha pembeni nacho usikipeleke penye miti hata siku moja.

Penye ukingo ulio wazi, kibao kitakusaidia, nawe unaweza kukichonga mwenyewe. Chukua ubao mwepesi wa sentimita 40 kwa 15, unene wa sentimita 2. Utakaa majini ukiwa umesimama kwa ubavu wake mwembamba. Ncha ya mbele ichonge mshazari, na uso wa mshazari uelekee boti, ili maji yakiugonga yausukume ubao kwenda nje. Wa kulia na wa kushoto ni kama viatu, haviingiliani. Pigilia risasi ya chubwi kwenye ukingo wa chini ili usipinduke, na funga kamba kwenye uso unaotazama boti, theluthi moja kutoka mbele. Ukiona ubao unazamisha pua, rudisha tundu la kamba nyuma kidogo. Kisha chukua kibanio cha nguo, kifunge kwenye kipete kinachoteleza juu ya kamba hiyo. Achia rapala mita 20, bana mshipi kwenye kibanio, uache kipete kiteleze mpaka karibu na ubao. Samaki akigonga, mshipi unachomoka kwenye kibanio, na unabaki wewe na samaki, ubao haumo katika ugomvi. Kibanio kikiwa kigumu sana kipunguze nguvu. Kikiachia kwa mawimbi tu, funga mpira wa baiskeli mdomoni.

Kuhusu kujing'oa. Mdomo wa kibebe ni mfupa mtupu. Ndoana inateleza juu ya mfupa kama msumari juu ya chungu, naye anaruka nje ya maji na kutikisa kichwa. Ndoana zinazokuja na rapala za bei nafuu ni laini, anazinyoosha. Zibadilishe kwa ndoana imara, na zinoe. Kipimo changu ni ukucha: iguse ncha ya ndoana juu ya ukucha wa kidole gumba na uisukume taratibu. Ikiteleza, haijawa kali. Ikikwama papo hapo na kuacha alama nyeupe, inatosha. Mbele ya rapala weka waya mwembamba wa chuma wa sentimita 30, la sivyo meno yatakata mshipi na utampoteza samaki pamoja na rapala mdomoni mwake, jambo ambalo linaniuma kuliko rapala yenyewe. Mshipi uwe mnene kuliko wa trauti. Wao wanatumia wa kuhimili uzito wa kilo 4 au 5. Wewe anza na wa kilo 10.

Kila unaposhusha rapala, usiiachie hapo hapo. Ishike ubavuni mwa boti, mita 2 za mshipi, uitazame inavyoogelea. Inatakiwa iyumbe kulia na kushoto sawasawa. Ikikimbilia upande mmoja au kulala ubavu, kitanzi cha puani kimepinda. Kipinde kidogo sana kwa koleo kuelekea upande wa pili wa ule inakokimbilia, uijaribu tena. Wavuvi wengi hawafanyi hili, na wanavuta kitu kinachoogelea kilema asubuhi nzima. Na kila dakika kumi ivute uiangalie, kwa sababu jani moja tu kwenye ndoana linatosha kumfukuza samaki.

Rapala ikinasa kwenye kisiki, usivute kwa hasira. Rudisha boti mpaka uwe juu yake, upande wa pili wa ulikotoka. Chukua chubwi zito lenye pete inayofunguka, lenye kamba yake mwenyewe, pete uipitishe kwenye mshipi, uliachie lishuke. Likiigonga rapala puani mara mbili tatu, mara nyingi inaachia. Kwa njia hiyo ningekuwa nimeokoa rapala nyingi sana za ujana wangu. Ila usiingie majini kuifuata. Niliwahi kumwona mtu mzima, mwenye watoto, akishuka kwenye maji ya Mtera ya kufika kifuani kwa ajili ya rapala, na mamba alikuwa ameota jua mita 60 kutoka pale. Alirudi salama, lakini nilitetemeka mpaka jioni.

Leseni: mvuvi awe na leseni ya uvuvi na chombo kiwe kimesajiliwa. Sheria yenyewe ni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Nenda ofisi ya uvuvi ya halmashauri unakotia nanga. Pale maji ni mamoja lakini upande mmoja ni Dodoma na mwingine ni Iringa, kwa hiyo uliza mapema upande wako unataka nini. Na msimu wa mvua uwaachie perege majani yao. Vile vifaranga ulivyopita juu yake Aprili ndio perege wa sokoni Dodoma baadaye.

Trauti kufugwa Dodoma, hapana. Nalisema hili kwa uthabiti kwa sababu najua kuna watu wataliona ni biashara na watakuja kukuuzia vifaranga. Trauti anahitaji maji ya baridi, yanayokwenda, yenye hewa nyingi. Maji yakizidi nyuzi 20 anaanza kuteseka, na joto likizidi zaidi anakufa. Wakoloni waliwapandikiza trauti kwenye mito ya milimani, kama ile inayoshuka Mlima Kenya, na hata hapa Tanzania kwenye mito ya nyanda za juu, na kote walikodumu ni mahali unapovaa sweta mchana. Bwawa la kuchimba Dodoma, au lile la Hombolo na maji yake ya chumvichumvi, kwa trauti ni jiko. Ukitaka kufuga, fuga perege au kambale, wanaozoea joto letu. Hilo ni swali la siku nyingine, niandikie ukubwa wa eneo na chanzo chako cha maji.

Mwisho, ukimpata kibebe, usimtoe ndoana kwa vidole. Tumia koleo refu, na umshike shingoni nyuma ya matamvua kwa kitambaa kilicholowa. Nyama yake ni nyeupe na tamu lakini ina miiba midogo mingi iliyotawanyika. Mwenzangu wa Migoli alimlaza ubavu, akamchanja kwa kisu kikali mistari ya karibu karibu kutoka mgongoni kuelekea tumboni, upana wa punje ya mahindi kati ya mstari na mstari, bila kufika mfupa mkubwa, akampaka chumvi na ndimu, akamtumbukiza kwenye mafuta yaliyochemka hasa. Miiba ile iliyokatwakatwa ikakauka na kuwa mikavu ya kutafunika, na tulimla na ugali wa mtama mpaka mkia.